Ulimi wa Bi Kijiko

Kiwanda chetu kinatengeneza magodoro. Ikifika saa ya chakula cha mchana, wafanyakazi wanaingia bwaloni na pamba kwenye nyusi, kwenye masikio na kwenye ndevu kwa wale wenye ndevu. Mgeni angedhani watu wote hawa wamezeeka asubuhi moja. Wanapangusana, wananawa, kisha wanapanga foleni mbele ya dirisha la jikoni. Nyuma ya dirisha hilo husimama mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani na kijiko kwenye mfuko wa aproni. Jina lake la kuzaliwa liko ofisini kwenye faili. Sisi tunamwita Bi Kijiko, na nadhani yeye mwenyewe akiitwa kwa lile jina lingine hawezi kugeuka.

Kijiko chenyewe ni kijiko cha chai cha kawaida. Anakichovya kwenye sufuria, anakipuliza, anakitia mdomoni, halafu anafumba macho. Macho yote mawili yakibaki yamefumbwa, chakula kiko sawa. Jicho moja likifunguka, Mama Pacha, msaidizi wake, anarudi nyuma hatua, kwa sababu anajua kinachofuata.

"Nani katia chumvi hapa kabla vitunguu havijaiva?"

"Ni mimi, Bi Kijiko."

"Una haraka ya kwenda wapi? Umeacha mume kwenye moto?"

Mimi ni mtunza stoo. Mlango wa stoo unatazamana na jiko, na kwa kuwa kazi yangu ina saa nyingi za kusubiri, nimeona mengi kwenye jiko lile kuliko wanavyodhani.

Bi Kijiko alikuja hapa kijana, mtoto mgongoni, akaanza kwa kuosha masufuria. Mpishi mkuu wa wakati huo alikuwa bibi mmoja mkali, mpana wa mabega, ambaye hakutaka kuona mtu anatafuna jikoni. Alimfundisha kila kitu: kupepeta mchele kwa kusikiliza mlio wa mawe madogo kwenye ungo, kujua maharage yameiva kwa harufu ya mvuke, kukata mboga za majani dakika ya mwisho ili zisinyauke. Na alimfundisha kwamba mpishi haji kazini ameshiba, wala hali mpaka mtu wa mwisho awe amepakuliwa. Tumbo likiwa limejaa, alisema yule bibi, ulimi unasinzia, na mpishi wa ulimi uliosinzia ni wa kufukuzwa.

Bibi yule alistaafu zamani. Amri yake ikabaki. Bi Kijiko alikuwa akiingia alfajiri na tumbo tupu, anabandika birika la chai ya rangi kwenye pembe ya jiko, nyeusi kama wino, na birika hilo lilikuwa haliteremki mpaka jioni. Kutwa nzima kilichopita mdomoni mwake kilikuwa chai na vile vijiko vya kuonja. Watu wakishakula na bwalo likishafagiliwa, Mama Pacha alimuuliza, "Nikupakulie?" naye akajibu, "Nimeshiba kwa kuonja." Akakwangua ukoko wa wali kidogo, akaushushia na chai, akaenda zake. Nyumbani, baada ya kunusa vyakula siku nzima, hakutaka hata kuona sufuria. Alikunywa chai na kipande cha mkate, akalala.

Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Sisi tulijivunia. Tukipata mgeni kutoka ofisi kuu tulimwambia, "Huyu mpishi wetu, mchana kutwa hali, anaonja tu," na mgeni alitikisa kichwa kwa heshima.

Lakini kwa matumbo ya wengine alikuwa hakimu. Kuna fundi wa mashine ya kuchambua pamba, mtani mkubwa, tunamwita Pamba, ambaye alikuwa na tabia ya kusukuma mboga pembeni mwa sahani. Bi Kijiko alimwona kutoka dirishani.

"Wewe Pamba! Hiyo mboga unayoisukuma ndiyo damu yako."

"Damu ninayo, Bi Kijiko. Ukinikata itamwagika."

"Itamwagika maji ya kuoshea vyombo. Kula! Na chungwa usiliache, chungwa ndilo linaloifanya mboga ikufae mwilini. Mnafikiri nawapa machungwa kwa ajili ya kupamba meza?"

Alijua. Maharage kwa ajili ya nguvu, mboga kwa ajili ya damu, chungwa la kuvisaidia, yai siku za katikati ya wiki, maji ya kunywa yaliyochemshwa kwenye majagi juu ya kila meza. Watu wa kiwandani kwetu hawaumwi ovyo, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni yake.

Matatizo yalianza siku ya maharage ya chumvi. Foleni ilikwisha, watu wakakaa, na bwalo likawa kimya kwa namna ambayo si ya kawaida. Kisha Pamba akasimama na jagi tupu mkononi, akaenda dirishani.

"Bi Kijiko, samahani, naomba maji. Na ukipata nafasi utuambie, leo umetuchemshia bahari?"

Bwalo zima likaangua kicheko. Bi Kijiko hakujibu. Mtu ambaye hakuwahi kushindwa na neno alichukua lile jagi, akalijaza, akamrudishia, akageukia jiko. Nilimwona akichovya kijiko kwenye mabaki ya sufuria, akaonja, akachovya tena, akaonja tena. Macho yake yalikuwa wazi yote mawili, yakitazama ukuta.

Kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Hakugomba tena. Mama Pacha aliunguza vitunguu na hakuambiwa kitu, akaja stoo karibu kulia. "Heri angenitukana," aliniambia. "Amenyamaza tu, kama mtu aliye kwenye msiba." Chakula nacho kikawa hakitabiriki: leo hakina ladha kabisa, kesho kinawasha koo. Nikagundua pia kwamba watu wakianza kula, Bi Kijiko anasimama nyuma ya dirisha akiyatazama majagi ya maji mezani. Yakibaki yamejaa, anashusha pumzi. Yakiisha haraka, anajua amezidisha chumvi. Alikuwa anapika kwa kusoma majagi.

Halafu asubuhi moja akaingia stoo, akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mkononi alikuwa na kile kijiko, kimejaa mchuzi.

"Bwana Stoo, hebu onja hii."

Nilishtuka. Kumwonjea Bi Kijiko ni kama kumfundisha samaki kuogelea. Nikaonja.

"Imepungua chumvi kidogo," nikasema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Bi Kijiko, kwani wewe huisikii?"

Akakaa juu ya gunia la mchele. Alikuwa anahema, na kutoka jikoni mpaka stoo ni hatua chache tu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ulimi unamchoma kama aliyekula pilipili, umekuwa laini kama kioo, na kila anachotia mdomoni ni sawa na pamba ya kiwandani. Ameficha kwa muda mrefu.

"Nenda zahanati," nikamwambia.

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Kaka yangu ilimwanza hivihivi. Mdomo kwanza. Akakosa ladha, akakosa hamu ya kula, akakonda. Alipokwenda hospitali wakamwambia ni saratani ya koo, na kutoka hapo hatukukaa naye sana." Akakifuta kijiko kwa pindo la aproni. "Nikienda wataniambia jina lake, Bwana Stoo. Nisipokwenda, bado mimi ni mpishi. Sitaki umwambie mtu. Na binti yangu hasa."

Nikamwahidi. Kila asubuhi akawa ananiletea kijiko, mimi naonja, yeye anarekebisha, na chakula kikapata nafuu, ingawa ulimi wangu ni wa mtu anayependa vitu vikali, na Pamba alianza kuuliza kama tumehamia nchi ya pilipili.

Aliyeivunja siri hiyo ni binti yake. Ni msusi, ana saluni ndogo, na kila baada ya wiki kadhaa humsuka mama yake mwenyewe. Siku hiyo alikuja kiwandani moja kwa moja, akapita dirisha la jikoni bila kusimama, akaingia stoo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni?"

Akafungua kiganja. Kulikuwa na fundo la nywele. "Hizi zimetoka kwenye kitana, kwa kupitisha mara moja tu. Mimi nashika vichwa vya watu kutwa nzima, mjomba, najua nywele za mtu mwenye afya na nywele za mgonjwa. Na ngozi ya kichwa imepauka. Mama anaumwa nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Kasema ni sabuni."

"Basi labda ni sabuni."

Akanitazama usoni kwa muda. Mimi si mzuri wa kudanganya, na uso wangu siku zote umenisaliti.

"Ahsante, mjomba," akasema. "Umeshaniambia."

Kesho yake Bi Kijiko hakuja kazini; binti alikuwa amempeleka zahanati, atake asitake. Yaliyotokea zahanati nimesimuliwa na wote wawili, mama na binti, kila mmoja akimkatiza mwenzake, kwa hiyo nayaamini.

Walikaa kwenye benchi la korido, chini ya dirisha lenye wavu. Bi Kijiko alikuwa amevaa gauni lake zuri na amekumbatia mkoba. Alianza kuzungumza huku akitazama mbele.

"Sufuria langu kubwa la nyumbani, lile lenye mikono, mpe mama yako mdogo. Lile dogo chukua wewe. Ile cherehani usimpe mtu, ina thamani."

"Mama, tumekuja kupima damu. Hatujaja kugawa urithi."

"Nakuambia tu."

"Basi niambie tukifika nyumbani. Watu wanatusikiliza."

Kweli, mzee aliyekaa pembeni yao alikuwa amesogea ili asikie vizuri cherehani itakwenda kwa nani.

Tabibu alikuwa dada mwenye miwani, umri kama wa binti yake. Alimmulika mdomoni kwa tochi, akaushika ulimi kwa kipande cha shashi, akaugeuza kulia na kushoto, akatazama koo mpaka ndani. Akapapasa shingo pande zote. Akavuta kope la chini, akatazama kucha. Bi Kijiko anasema uchunguzi ule ulikuwa mrefu kuliko foleni ya chakula. Kisha akatumwa maabara kutoa damu na choo, wakarudi kwenye benchi, wakasubiri tena. Safari hii hakugawa chochote. Alishika mkono wa binti yake, na binti anasema mkono ulikuwa baridi kama umetoka kwenye friji.

Majibu yalipokuja, tabibu aliyasoma, akavua miwani.

"Mama, kwenye mdomo na koo sioni uvimbe wala kidonda. Shingo iko salama. Choo ni kisafi, hakuna damu wala minyoo. Ila damu yako iko chini sana. Sijui umewezaje kupanda ngazi za hapa."

"Koo?" Bi Kijiko akauliza.

"Koo sina wasiwasi nalo."

"Sema tena."

"Koo lako ni zima, mama."

Akainamisha kichwa. Binti alidhani analia, akamshika bega. Alikuwa anapumua tu, taratibu, kama mtu aliyetua ndoo.

Tabibu akamwacha kidogo, kisha akachukua kalamu. "Sasa tujue damu inakwenda wapi. Jana ulikula nini?"

Hapo Bi Kijiko akainua kichwa. Hilo ni swali analoliweza. "Jana ilikuwa wali, maharage ya nazi, mboga za majani nilizokaanga kwa nyanya na karoti, na chungwa. Juzi kulikuwa na mayai ya kuchemsha, viazi na kabichi. Siku ya kabla yake, samaki wa mchuzi, wali, mchicha na ndizi mbivu."

Tabibu akaandika yote, akatazama alichoandika, akakunja uso. "Mama, unakula vizuri kuliko mimi. Sasa mbona damu iko hivi?"

"Hata mimi nashangaa," Bi Kijiko akasema, na alikuwa anashangaa kweli.

Binti akakohoa. "Mama. Hivyo ni ulivyopika."

"Ndiyo."

"Dokta anauliza ulichokula."

Bi Kijiko akamtazama binti, akamtazama tabibu.

"Nilivionja vyote," akasema.

"Kiasi gani?" tabibu akauliza.

Bi Kijiko akafungua mkoba, akatoa kijiko cha chai, akakiweka juu ya meza.

Tabibu alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ile shashi, binti naye akacheka, na mwishowe mwenye kijiko mwenyewe akaanza kucheka, kwanza kwa aibu, halafu kwa sauti. Mzee wa kwenye benchi alichungulia mlangoni kuona kuna nini.

Walipotulia, tabibu alimweleza. Mwili ukikosa madini ya chuma na vitamini kwa muda mrefu, damu inapungua, nywele zinakatika, pumzi inakuwa fupi, na ulimi nao unaumia: unakuwa laini, unachoma, unapoteza ladha. Na ile chai nzito inayoandamana na kila tonge inazuia hata kile chuma kidogo kilichomo kwenye chakula kisiingie mwilini. Akampa vidonge, akamwambia ale sahani nzima, si kijiko: maharage na mboga pamoja na chungwa au limau, yai, samaki au nyama anapopata, maziwa, maji ya kutosha. Chai si sumu, lakini ikae mbali na chakula. "Arudi mwezi ujao tupime tena," alimwambia binti. "Damu isipopanda, namwandikia aende hospitali kubwa wamchunguze zaidi. Lakini nadhani itapanda."

Siku ya pili Bi Kijiko alirudi kazini akanyoosha kidole stoo kwangu kutoka mlangoni. "Uso wako, Bwana Stoo! Uso wako unasema kuliko redio!" Lakini alikuwa anacheka.

Kula kwenyewe kulimshinda mwanzoni. Mama Pacha alimpakulia asubuhi, yai na viazi na kipande cha papai, akamwekea kwenye meza ya kukatia. Bi Kijiko alizunguka sahani hiyo kama paka anayezunguka maji.

"Nikishiba nitapikaje? Ulimi utasinzia."

"Bi Kijiko," Mama Pacha akasema, "ulimi wako umelala usingizi wa pono miezi mingapi hii, na tumbo lilikuwa tupu. Sasa tujaribu hivi."

Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo jikoni. Nilingoja radi. Bi Kijiko akavuta kiti, akala. Alikula kama anayemeza dawa, bila kusikia ladha yoyote, lakini alimaliza. Birika likateremshwa kwenye pembe ya jiko, likawa linabandikwa saa za katikati ya milo tu. Mchana, Mama Pacha alishika upawa, na Bi Kijiko akaenda kukaa bwaloni na sahani yake, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi. Akakaa mbele ya Pamba.

"Jamani!" Pamba akapiga kelele. "Kumbe na huyu ana meno!"

"Kula mboga yako."

"Kula yako kwanza, tuone."

Akala. Watu wa meza ile walikuwa wanamtazama kama marefa.

Wiki za mwanzo hakukuwa na kitu, na niliona wasiwasi ukimrudia. Aliacha kupanda ngazi za ofisi mbele za watu, asije akaonekana anahema. Nikaendelea kumwonjea. Kisha siku moja, katikati ya chakula, aliacha kutafuna. Akashika shavu. Tulidhani ameuma jiwe.

"Mboga hii chungu," akasema.

"Chungu kila siku," Pamba akamjibu. "Ndiyo maana naisukuma."

"Siku zote?"

"Tonge la kwanza siyo. Ukifika katikati ya sahani ndipo inaanza. Na wali nao kufikia hapo umeshachosha."

Bi Kijiko hakukasirika. Alikuwa na tabasamu pana huku akitafuna ule uchungu taratibu, kama mtu anayekula pipi. Aliongeza tonge jingine, akathibitisha, akasema, "Chungu kabisa!" kwa furaha iliyowashangaza wote. Halafu akafikiri. Kijiko kimoja hakiwezi kumwambia mpishi sahani inakuwaje katikati. Tangu siku hiyo mboga hulowekwa kwanza kwenye maji ya chumvi, na kila sahani ina kipande cha limau pembeni. Pamba hasukumi tena, ingawa hatakubali ukimuuliza.

Binti alimrudisha zahanati mwezi ulipokwisha. Damu ilikuwa imepanda, haijafika inapotakiwa, lakini imepanda vizuri, na hospitali kubwa haikutajwa tena. Siku hiyohiyo Bi Kijiko alirudi kiwandani hata kabla ya chakula kuisha. Alipita kwangu akanionyesha ulimi kama mtoto, akaenda jikoni, na mara nikasikia sauti niliyoikosa kwa muda mrefu.

"Nani kakata karoti kubwa namna hii? Tunalisha punda?"

"Ni mimi, Bi Kijiko," Mama Pacha akaitika, na uso wake wote ulikuwa umechanua.

Akapakua sahani yake, akatoka nayo bwaloni, akakaa. Foleni ilikuwa bado ndefu. Baada ya muda Mama Pacha akatoa kichwa dirishani.

"Bi Kijiko, njoo uone maharage ya awamu ya pili, sijui kama yameiva!"

"Onja wewe," akajibu bila kugeuka, tonge liko mkononi. "Mimi bado nakula."